Kumcha si Kuogopa: Uchaji wa Mungu Katika Vichochoro vya Kibera na Kawangware

Kiswahili kina vitenzi viwili vya silabi moja ambavyo vinafanana kama shilingi kwa ya pili, ilhali maana zake ziko mbalimbali. Kuna -cha inayosikika katika 'kumekucha', yaani usiku umekwisha na mwanga umeingia, na kuna -cha ya 'kumcha Mungu'. Aghalabu mwanafunzi hukutana navyo darasani katika somo la homonimu, akavitungia sentensi moja moja, kisha akasonga mbele. Kitenzi cha pili kinastahili kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi, hasa sasa ambapo kinaelekea kupotea vinywani mwa watu. Mkaazi wa Nairobi akitaka kumsifu jirani yake kwa dini, atasema kwamba jirani huyo 'anaogopa Mungu'. Akiulizwa kama kuogopa na kucha ni mamoja, yamkini atajibu kwamba ni mamoja, ila hilo la pili ni la Biblia na la mitihani.

Makala haya yanashikilia kwamba si mamoja, na kwamba anayetaka kuiona tofauti hiyo kwa macho na aende Kibera na Kawangware siku ya Jumapili.

Inafaa kuanza na lugha yenyewe. Mtu humwogopa nyoka, mwizi na askari wa jiji, lakini hamchi hata mmoja wao. Anayeogopa hukimbia. Anayemcha hasogei mbali. Hukaribia, ila kwa hadhari na adabu. Methali isemayo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye imejengwa juu ya kitenzi hiki hiki katika kauli ya kutendea. Mzazi anayesemwa hapo hamwogopi mwanawe kana kwamba mtoto atampiga. Anachelea kumwumiza kwa sababu anampenda. Ni kweli kwamba methali inamkanya mzazi huyo, lakini katika kumkanya imehifadhi maana ambayo neno 'kuogopa' haliwezi kuibeba: hofu iliyozaliwa na mapenzi. Wafasiri wa Biblia ya mwaka 1952, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Union Version, walikuwa na neno 'kuogopa' mikononi mwao. Hata hivyo, walipofika katika kitabu cha Mithali, pale hofu ya Mungu inapofanywa chanzo cha maarifa, waliandika 'kumcha'. Hawakufanya hivyo kwa kukosa neno jingine.

Wanaoitazama mitaa ya mabanda kwa mbali wana maelezo yao tayari kuhusu dini ya huko. Watasema ni kelele, ni umaskini unaotafuta liwazo, ni wahubiri wanaochuma pasipo kupanda. Fasihi andishi nayo imewazoesha wasomaji mhubiri wa aina moja tu, mwenye suti inayong'aa na mkoba wa sadaka. Haya hayakuzuliwa. Mnamo mwaka 2014 Wakenya walitazama kwenye runinga taarifa ya mhubiri mmoja wa Nairobi aliyewataka watu 'wapande mbegu' ya shilingi 310 ili waombewe, na kwa muda mrefu tarakimu hizo zikawa mzaha wa taifa zima. Mwaka 2023 mzaha uliisha. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wengi wao watoto, wa kundi la waumini walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumfikia Yesu. Makala yoyote yanayosifu uchaji leo bila kulitaja jambo hilo yatakuwa yamefumba macho, na kwa hiyo litarejelewa hapa baadaye.

Lakini kosa la wanaotazama kwa mbali ni kwamba wao humsikiliza mwenye kipaza sauti pekee, na mwenye kipaza sauti ni mtu mmoja. Waliobaki wamekaa mabenchini, na wamevua viatu.

Desturi ya kuvua viatu mlangoni mwa nyumba ya ibada ilifika Kibera mapema. Askari Wanubi wa King's African Rifles, ambao walipewa makaazi huko mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa Waislamu, na jina la mtaa wenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Makanisa yaliyokuja baadaye hayakuiga msikiti. Yalichota kutoka katika kitabu cha Kutoka, pale Musa anapoamriwa kuvua viatu mbele ya kichaka kinachowaka. Legio Maria, kanisa lililochipuka Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, huishika desturi hii. Wakorino, ambao wanaonekana sana upande wa Kawangware kwa vilemba vyao vyeupe, huishika vilevile.

Yeyote aliyewahi kupita Gatwekera, Laini Saba au Gatina wakati wa masika anajua maana ya kuvua viatu mahali kama hapo. Vichochoro ni tope, na maji ya mitaro hayachagui pa kupita. Kanisa lenyewe ni mabati na nguzo, na mara nyingine sakafu yake ni udongo ulioshindiliwa. Ili mtu mmoja avue viatu mlangoni, ni lazima mwingine awe ameshika ufagio kabla yake. Kwa kawaida huyo mwenye ufagio ni mwanamke, na kazi yake huifanya Jumamosi jioni au alfajiri ya Jumapili wakati mhubiri hajafika. Hakuna anayempigia makofi. Ametenga hatua chache za mraba katika mtaa mzima na kuzifanya mahali ambapo unyayo mtupu unaweza kukanyaga. Ikiwa kuna fasili ya neno 'takatifu' inayoeleweka bila kamusi, basi ni hiyo.

Kuna pia suala la weupe, na hapa ndipo msomaji anaombwa atulie kidogo, kwa maana jambo hili huonwa na kila mtu na halifikiriwi na yeyote. Kanzu za Legio Maria, vilemba vya Wakorino na mavazi ya waumini wa African Israel Church Nineveh aghalabu ni meupe. Kutoka nje ukiwa umevaa nguo nyeupe Karen au Lavington si jambo la ajabu. Huko maji hutoka bombani ndani ya nyumba, mashine hufua, na gari hupokea mtu mlangoni. Kibera maji hununuliwa. Watu hupanga foleni kwenye kioski cha maji na mitungi ya lita 20, hulipa kwa mtungi, na maji yanapoadimika bei hupanda maradufu na zaidi. Mtungi huo mmoja unatakiwa kupikia, kunywesha, kuoshea vyombo na kuogeshea watoto. Kanzu nyeupe haifuliki kwa maji ya kubahatisha. Hufuliwa, ikasuuzwa, ikasuuzwa tena. Kisha huanikwa kwenye kamba inayokatiza kichochoro, ambapo moshi wa jiko la jirani na mikono ya watoto wanaocheza viko karibu. Asubuhi mwenye kanzu hutoka nayo nje, akalikunja pindo lake kwa mkono mmoja, akaruka mtaro.

Sadaka inayowekwa kikapuni huhesabiwa na mhazini na kuandikwa daftarini, lakini daftari hilo halina safu ya maji ya kufulia. Hata hivyo, kwa hesabu ya haki, mama aliyetumia mitungi miwili kwa ajili ya weupe wa Jumapili ametoa kitu ambacho nyumba yake ilikihitaji. Mfano wake umo katika Biblia. Kitabu cha Samweli wa Pili kinasimulia jinsi Daudi alivyotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mashujaa wake watatu wakapenya kambi ya adui wakayachota, naye alipoletewa akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana. Mtu mwenye bomba jikoni anaweza kukiona kisa hicho kuwa cha kushangaza, hata cha ubadhirifu. Kwenye foleni ya kioski cha maji hakihitaji mfafanuzi.

Papa Fransisko alipolitembelea kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi huko Kangemi, jirani na Kawangware, tarehe 27 Novemba 2015, alizungumzia mambo mawili ambayo magazeti yaliyatenganisha. Aliitaja hekima inayopatikana katika mitaa ya watu maskini, na alishutumu dhuluma ya kuinyima familia maji, hasa pale ambapo mtu mwingine anatajirika kwa shida hiyo. Mambo hayo ni mamoja. Hakuna anayesema kwamba uhaba wa maji ni mzuri kwa kuwa unawafundisha watu ibada. Hiyo ingekuwa kufuru. Linalosemwa ni kwamba watu walionyimwa bado wanatoa, na wanaowanyima hawana budi kulijua hilo.

Weupe huu una historia yake pia, na historia hiyo inathibitisha tofauti ya kucha na kuogopa kuliko uchambuzi wowote wa kimofolojia. Wakorino walichipuka katika nchi ya Wakikuyu mwishoni mwa miaka ya 1920. Walikataa mengi ya wamishenari na mengi ya serikali, wakawa wanasali vilimani na misituni. Jomo Kenyatta aliwaeleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938 kwa jina walilojulikana nalo, na jina hilo ni la Kiswahili: Watu wa Mungu. Wanafunzi wa Kiswahili wangefanya vyema kulitafakari. Vuguvugu lililozaliwa miongoni mwa Wakikuyu, likaomba kwa Kikuyu, liliona kwamba jina la kujitambulisha mbele ya ulimwengu ni la lugha ambayo haikuwa ya mama wala ya bwana mkubwa. Hata kilemba chenyewe wao hukiita 'kiremba'. Serikali ya kikoloni iliwashuku. Mwaka 1934 polisi walimpiga risasi kiongozi wao Joseph Ng'ang'a katika msitu wa Ndarugu akafa. Januari mwaka huohuo, huko Musanda magharibi mwa Kenya, Alfayo Odongo Mango wa kanisa la Roho aliteketea kwa moto pamoja na baadhi ya wafuasi wake katika shambulio dhidi yao. Lau dini ya watu hao ingalikuwa ya kuogopa, ingalikwisha hapo, kwa kuwa walikuwa na mengi ya kuogopa na yote yalikuwa na bunduki au mwenge. Waliobaki hawakuvua vilemba. Kumcha Mmoja kuliwapunguzia idadi ya wa kuwaogopa.

Miaka minane baadaye, mwaka 1942, Zakayo Kivuli alianzisha huko Vihiga kanisa la African Israel Church Nineveh, na watoto na wajukuu wa waumini wake walipohamia Nairobi kutafuta kazi walihama na maandamano yao. Jumapili huonekana Kawangware wakienda kwa bendera na ngoma, kwa mwendo wa haraka usio wa kutembea wala wa kukimbia, na matatu hulazimika kuwasubiri. Wengi wa wakaazi wa mtaa huo hushinda siku sita wakilinda malango na kufua nguo za watu Lavington na Kileleshwa. Siku hizo huvaa sare za mwajiri. Ya saba huvaa ya kwao, tena katikati ya barabara.

Uchaji wa Wakatoliki una sura nyingine, tulivu zaidi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kanisa, hawakuwa wakiifikiria Kibera hasa, lakini ni vigumu kuwaza mahali palipozihitaji zaidi. Jumuiya hukutana kwa zamu nyumbani kwa wanajumuiya, katika chumba cha futi kumi kwa kumi, ambapo kitanda hugeuzwa kiti na mshumaa huwekwa juu ya stuli. Rozari husaliwa kwa Kiswahili, kwa sababu Mjaluo, Mluhya, Mkamba na Mkikuyu wamebanana kitandani hapo na hakuna lugha nyingine ya pamoja. Baada ya sala huulizwa nani mgonjwa.

Swali hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko yote katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006. Kabla ya hapo watu waliugulia majumbani, na ndugu wengi waliwakimbia. Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti wa Marekani aliyekuwa pia daktari, alianzisha makao ya watoto ya Nyumbani mwaka 1992, na kuanzia mwaka 1998 mpango wa Lea Toto ukawafuata watoto wenye virusi katika mitaa yao, Kawangware na Kibera ikiwa miongoni mwayo. Mwaka 2004 Nyumbani ilikwenda mahakamani ili watoto hao wakubaliwe katika shule za umma, na wakakubaliwa. D'Agostino alifariki mwaka 2006, na jina lake linastahili heshima lililopewa. Lakini mpango wowote wa aina hiyo ulitegemea wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote: wanajumuiya na majirani waliobeba mtungi hadi mlangoni mwa mtu aliyetengwa, wakamwosha, wakabadilisha shuka, wakaenda nyumbani kupika. Ni maji yaleyale ya kununua. Yaliyofua kanzu ndiyo yaliyomwosha mgonjwa, na huenda anayetaka kuyatenganisha matendo hayo mawili, moja likawa ibada na jingine huduma, hajawahi kuubeba mtungi huo.

Na sasa turufu ya wapinzani: Shakahola. Je, wale waliokufa hawakumcha Mungu? Hawakuwa tayari kutoa zaidi ya mtungi wa maji? Swali hili haliwezi kukwepwa kwa kusema kwamba hao walikuwa wapumbavu. Wakorino wa zamani nao walikataa hospitali kwa jina la imani, na wapo watoto walioumia kwa hilo. Kwamba wengi wao leo wanakwenda hospitali ni mabadiliko yanayofaa kupongezwa bila kuficha yaliyotangulia. Rai ya makala haya ni kwamba lipo jambo la kupimia. Mama wa Kibera anatoa kilicho chake: usingizi wake, maji yake, mgongo wake. Kule msituni kilichotolewa kilikuwa uhai wa watoto, na aliyeamuru utolewe hakuwa mmoja wao. Daudi aliyamimina maji aliyokuwa na kiu nayo yeye mwenyewe. Pale ambapo kiongozi wa dini anaongeza gharama ya wengine huku yake ikipungua, neno lililopo ni kuogopa, kwa kuwa waumini wamekwisha kumwogopa yeye, na kumcha Mungu kumekoma zamani.

Kipimo hichohicho kinaweza kutumiwa kwa jambo dogo zaidi linalowaudhi wengi, yaani makesha. Wachunguzi wa asili ya maneno hulihusisha 'kesha' na ile -cha ya kwanza, ya kumekucha: kukesha ni kukaa macho mpaka kuche. Ijumaa usiku Kawangware hukesha kanisa moja baada ya jingine, na spika hufungwa zikielekea barabarani. Ukuta wa bati hauzuii chochote. Anayelala upande wa pili huenda ametoka lindoni, au ana mtoto mchanga, au amefiwa. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 zipo, na hufuatwa mara chache. Wachungaji wengine huwaona wanaolalamika kuwa maadui wa injili. Haifai. Kukesha kwa anayesali ni gharama anayoilipa mwenyewe. Akimkesheza jirani kwa nguvu, amemtoza jirani huyo bila idhini. Waumini wengi hukesha kwa sauti ya kawaida, hutoka alfajiri macho mekundu na kupanda moja kwa moja hadi kazini. Hao hawasikiki, na kwa hiyo katika mijadala ya kelele hawatajwi.

Kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ipo kazi hapa ambayo haijafanywa ipasavyo. Msamiati wa ibada katika makanisa haya, unaochanganya Kiswahili cha Biblia na Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya na hata Sheng, unabadilika kadiri vijana wanavyohamia makanisa ya Kipentekoste yenye nyimbo za Kiingereza. 'Uchaji' na 'kicho' huenda vikasalia katika karatasi za mtihani peke yake. Makanisa yenyewe hayana uhakika wa kesho: Julai 2018 matingatinga yaliposafisha njia ya barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata kupitia Kibera, nyumba, shule na makanisa yaliangushwa kwa pamoja. Mtafiti hahitaji ruzuku kubwa kuanza. Kutoka katikati ya jiji hadi Kawangware ni matatu moja, nambari 46. Akishuka Jumapili asubuhi aifuate ngoma, na akifika mlangoni atatakiwa avue viatu kabla ya kuuliza swali lake la kwanza.